Kupaka Rangi Plastiki za Ndani ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ya kila siku hapa Kisumu ni kurudishia rangi plastiki za ndani ya magari: paneli za milango, konso ya katikati, fremu za redio na vishikio. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa mara nyingi zaidi na wenye magari, na pia na mafundi wenzangu wanaopiga simu kutoka Kakamega, Busia na hata Nakuru. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo kosa dogo huharibu kazi nzima.

Je, plastiki ya ndani hushika rangi kweli, au itabambuka baada ya muda mfupi?

Hushika, na hudumu kwa miaka. Hata hivyo, watu wengi wamewahi kuona kazi iliyobambuka, na karibu wote hulaumu rangi iliyotumika. Kwa kawaida rangi haina hatia. Itazame sehemu iliyoharibika: ikiwa rangi inatoka kwa vipande vipana kama ganda la kitunguu, na plastiki iliyo chini yake imebaki safi kana kwamba haikuguswa, basi rangi hiyo haikushika tangu siku ya kwanza. Kati yake na plastiki kulikuwa na mafuta, nta au silikoni, au plastiki yenyewe ni ya aina inayokataa rangi na haikuandaliwa. Ikiwa rangi imekwisha polepole mahali ambapo kidole au pete hugusa kila siku, huo ni uchakavu wa kawaida, na ni jambo jingine kabisa.

Nitajuaje plastiki yangu ni ya aina gani?

Kitoe kipande, ukigeuze, uangalie upande wa nyuma penye mwanga wa kutosha. Juzi nilikuwa na fremu ya redio ya Toyota Fielder mkononi. Kwa mbele ilionekana plastiki ya kijivu tu, lakini kwa nyuma, katikati ya mbavu mbili za kuimarisha, palikuwa na herufi ndogo zilizofinyangwa ndani ya plastiki yenyewe, zikiwa zimezungukwa na alama mbili mithili ya vichwa vya mishale: >ABS<. Herufi hizo ndizo zinazoamua kazi yote itakayofuata.

ABS, na pia ile iliyoandikwa PC+ABS, ni plastiki ngumu inayopokea rangi vizuri ikisafishwa na kupigwa msasa. PP, yaani polipropilini, ni tofauti: uso wake una asili ya kukataa kushikwa na kitu chochote, iwe gundi au rangi, na bila praima maalumu ya plastiki, yaani tabaka la kwanza linalopulizwa ili rangi ishike, kazi yako haitadumu. Ukiona PP imefuatwa na T20 au TD20, maana yake ni kwamba imechanganywa na talki, yaani unga laini wa madini, asilimia 20 ili iwe imara zaidi, lakini kwa upande wa rangi bado uihesabu kuwa PP. Paneli za milango na vifuniko vya chini vya magari mengi madogo kutoka Japani ni za PP, ilhali fremu za redio na za swichi za madirisha mara nyingi ni za ABS.

Baadhi ya mafundi hutumia karai la maji. Polipropilini tupu ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea, nayo ABS huzama. Kipimo hiki ni cha kweli kwa upande mmoja tu. Kipande kikielea, una hakika kwamba si ABS. Kikizama, usiamue lolote, kwa sababu PP yenye talki nyingi nayo huzama.

Kwa nini mnasisitiza sana usafi? Gari langu huoshwa kila wiki.

Huko kuoshwa kila wiki ndiko kunakonitia wasiwasi. Magari mengi yanapomalizwa kuoshwa, dashibodi na milango hupakwa kimiminika cha kung'arisha ambacho aghalabu kina silikoni. Silikoni haionekani wala haikauki, na hujipenyeza katika vinyweleo na mistari ya plastiki, ikiongezeka safu juu ya safu kwa miaka. Rangi ikipulizwa juu yake hukimbia, na uso hujaa vijishimo vya mviringo vyenye ukingo uliovimba, kama macho ya samaki. Hakuna idadi ya tabaka itakayoviziba vijishimo hivyo.

Nilijifunza jambo hili kwa gharama yangu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipokea paneli nne za milango ya Mazda Demio, nikazifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mara moja, zikaonekana safi, nikaanza kupuliza. Kabla tabaka la kwanza halijatulia, vijishimo vilifumuka kwenye paneli zote nne. Ilinibidi niisubiri rangi ikauke, niiondoe yote kwa msasa, nisafishe upya na kununua makopo mengine, huku mteja akiwa amekaa siku tatu na gari lisilo na paneli. Tangu siku hiyo sijawahi kufupisha hatua ya kusafisha, hata mteja anaponisihi.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Kwanza, kipande huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa brashi laini inayoingia kwenye mistari na pembe, kisha kusuuzwa na kuachwa kikauke. Pili, hufutwa kwa kiondoa nta na mafuta kinachouzwa katika maduka ya rangi za magari. Hapa vitambaa viwili ni lazima: cha kwanza chenye kimiminika hulainisha uchafu, na cha pili kilicho kikavu huunyanyua kabla kimiminika hakijakauka. Anayetumia kitambaa kimoja anausambaza tu. Tatu, hatua hiyo ya pili hurudiwa, na vitambaa hubadilishwa kila vinapochafuka. Baada ya hapo kipande hakiguswi tena kwa mikono mitupu, kwa kuwa jasho la vidole nalo ni mafuta.

Ili kupima kama kipande cha ABS kimekuwa safi, mwagilia maji safi juu yake. Yakitanda kama shuka moja, endelea na kazi. Yakijikusanya kuwa matone na kuacha visiwa vikavu, rudi kusafisha. Kipimo hiki hakifai kwa PP, kwa sababu hiyo huyafanya maji yawe matone hata ikiwa safi.

Je, ninaweza kusafishia thina au petroli?

Hapana. Thina kali na asetoni huyeyusha ABS. Utauona uso ukilainika na kunata, na alama za kitambaa zitabaki humo daima. Petroli huacha mabaki yake na ni hatari kwa moto. Ukikosa kiondoa mafuta, alkoholi ya isopropili inafaa. Wengi hunijibu kwamba watanunua spiriti ya hospitali katika duka la dawa. Isome lebo kwanza, kwa maana baadhi ya spiriti hizo zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo ndiyo unayojaribu kuyaondoa.

Je, ni lazima nivitoe vipande, au naweza kuvipaka vikiwa ndani ya gari?

Vitoe. Ukungu wa rangi huingia kwenye viti, kwenye mikanda na kwenye matundu ya hewa, na kingo zilizofunikwa kwa tepu huacha mstari ambao baadaye ndio huanza kubambuka. Tumia wenzo wa plastiki badala ya bisibisi, ambayo huacha makovu. Joto la Kisumu linakusaidia hapa: gari lililokaa juani kwa saa moja huwa na klipu laini zinazoachia kwa urahisi, ilhali asubuhi ya baridi, hasa Eldoret au Molo, klipu hizohizo huvunjika. Piga picha kabla ya kufungua kila skrubu.

Nitumie msasa wa namba gani?

Kwa plastiki laini isiyo na mikwaruzo, namba 600 inatosha. Kusudi ni kuondoa mng'ao tu ili rangi ipate mahali pa kushika. Kwa kipande chenye mikwaruzo au chenye rangi ya zamani inayobambuka, anza na 320 au 400 na ulainishe kingo za rangi ile ya zamani mpaka kidole kisihisi ngazi, kisha umalizie kwa 600. Tumia maji unapopiga msasa, kwani hupunguza vumbi na huzuia karatasi isizibe.

Plastiki yenye nakshi, ile iliyofinyangwa ifanane na ngozi, haipigwi msasa wa karatasi, kwa sababu utakata vilele vya nakshi na kuacha mabaka yanayong'aa. Tumia pedi ya nyuzi ya rangi ya kijivu pamoja na sabuni, ukisugua kwa mizunguko midogo. Fremu zenye sura ya mbao zilizo katika Toyota Premio na Allion zina laka nene, yaani tabaka gumu linalong'aa, juu yake. Usihangaike kuiondoa yote ikiwa haijapasuka, ipige msasa mpaka ififie sawasawa.

Praima ya plastiki ni ya lazima?

Kwa PP, ndiyo, bila mjadala. Kwa ABS iliyopigwa msasa vizuri, rangi nyingi hushika hata bila hiyo, lakini mimi huitumia kwa vipande vyote vinavyoguswa kwa mikono. Praima hii ni nyembamba, aghalabu haina rangi, na kazi yake ni kuunganisha, si kufunika. Kosa la kawaida ni kuipuliza nene kana kwamba inajaza mikwaruzo. Tabaka moja au mawili mepesi yanatosha, na rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao kwa nyingi ni dakika chache tu. Ukiiacha mpaka kesho yake, imekwisha kupoteza nguvu na itakulazimu kuanza upya. Praima ya kawaida ya mabati haichukui nafasi yake.

Ni rangi gani inayofaa?

Kwa plastiki ngumu, rangi ya kopo ya kupuliza iliyotengenezwa kwa magari inafaa kabisa. Kwa vifuniko laini vya vinili, vinavyobonyea kwa kidole, tafuta rangi ya vinili inayonyumbuka, kwa maana rangi ngumu itapasuka. Rangi hiyo ya vinili ni nyembamba sana na haizibi nakshi, na kwa sababu hiyo mimi huipendelea hata kwenye paneli ngumu zenye nakshi. Rangi ya mafuta ya kupakia milango ya nyumba ni nene mno, hukauka polepole na hubaki ikinata kwenye joto la gari lililofungwa.

Jambo la kuangalia ni mchanganyiko. Usipulize laka juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa: viyeyushi vya laka huipenya, na rangi ya chini huvimba na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ni salama zaidi kutumia praima, rangi na laka angavu za mtengenezaji mmoja, na kujaribu kwanza upande wa nyuma wa kipande.

Hali ya hewa ya huku inaathirije kazi?

Inaathiri kuliko wengi wanavyodhani, na maelekezo ya kwenye kopo hayakuandikwa na mtu anayeishi kando ya ziwa. Kiyeyushi kinapopaa hupoza uso wa rangi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua juu ya rangi mbichi na kuifanya iwe na ukungu mweupe, hasa laka angavu. Kisumu, mvua nyingi za radi hunyesha alasiri na jioni, na kuanzia Machi hadi Mei ni nyingi zaidi. Kwa hiyo mimi hupuliza kuanzia saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, na saa sita mchana huwa nimeweka kopo chini. Kakamega ningekuwa mkali zaidi kuhusu saa hizo. Ukungu ukishatokea, usiongeze tabaka juu yake. Subiri siku yenye jua, kisha upulize tabaka jepesi sana. Mara nyingi ukungu huondoka wenyewe.

Kuna pia wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka kutoka majini kama wingu la moshi na kufuata taa jioni. Yeyote aliyewahi kupaka rangi chini ya balbu karibu na Dunga anajua kwamba mamia yao wanaweza kutua kwenye kipande kibichi kwa dakika chache. Usifanye kazi hii usiku.

Nakuru tatizo ni vumbi. Mji upo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu kuliko ya kwetu na rangi hukauka vizuri, lakini upepo wa mchana hubeba vumbi laini la udongo wa volkano. Mafundi wa huko hufanya vyema kumwagia sakafu maji kabla ya kupuliza na kuning'iniza turubai upande wa upepo. Penye baridi, liweke kopo katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi ili rangi itoke kwa ukungu laini. Kamwe usiliweke karibu na jiko wala katika maji yanayochemka, kwani kopo la shinikizo halipaswi kupita nyuzi 50.

Namna sahihi ya kupuliza ni ipi?

Tikisa kopo kwa dakika mbili kamili baada ya kuisikia gololi ikigonga. Shikilia umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kubonyeza nje ya kipande, pita mpaka nje ya upande wa pili, ndipo uachie. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba plastiki bado inaonekana, na hapa ndipo uvumilivu wa wengi unapokwisha, kwa sababu kipande huonekana kibaya na chenye madoa. Kiache hivyohivyo kwa dakika kumi. La pili hufunika zaidi, na la tatu hukamilisha. Anayelazimisha kufunika kwa tabaka moja hupata michirizi, na mchirizi mmoja kwenye pembe hugharimu muda kuliko matabaka mawili ya ziada.

Kuna vipande visivyopaswa kupakwa rangi?

Ndiyo, na hapa naomba nisomwe kwa makini. Kifuniko cha katikati ya usukani na sehemu yoyote ya dashibodi, kiti au nguzo yenye maandishi SRS au AIRBAG huficha mfuko wa hewa wa usalama. Kifuniko hicho kimetengenezwa kipasuke katika mstari maalumu, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Rangi na praima zinaweza kubadilisha jinsi kinavyopasuka, au kurusha vipande vikavu usoni mwa abiria. Mimi huwakatalia wateja kazi hii hata wanapoongeza malipo. Na kabla ya kufungua kipande chochote kilicho karibu na mifuko hiyo, ondoa waya hasi wa betri na usubiri. Toyota huelekeza angalau sekunde 90, nami husubiri dakika tano.

Mikanda na vifungo vyake visiguswe. Plastiki angavu iliyo mbele ya saa za dashibodi hupasuka nyufa nyembamba ikiguswa na viyeyushi. Swichi zenye alama hupoteza alama.

Vishikio na swichi za gari langu vinanata kama gundi. Nipake rangi juu yake?

Hapana. Huo ni utando laini wa mpira uliopakwa kiwandani ili plastiki ipendeze mkononi, na magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1990 na 2000 yanao. Kwa miaka, unyevu na joto huuvunjavunja mpaka ukawa ute, na mkoa wetu una vyote viwili kwa wingi. Uondoe wote kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa, kwa subira, mpaka ufikie plastiki ngumu. Mara nyingi plastiki iliyo chini ni nyeusi na safi, na mteja huridhika bila rangi yoyote.

Nitapataje rangi ileile ya kiwandani?

Kwenye kibati cha utambulisho cha Toyota, kando ya namba ya rangi ya bodi, kuna namba ya mapambo ya ndani. Mpelekee mchanganya rangi namba hiyo pamoja na kipande chenyewe, mlinganishe upande wa nyuma ambao jua halijaufikia, kisha muamue pamoja kama mnafuata rangi ya asili au ile iliyofifia. Ukirudishia kipande kimoja tu, fuata iliyofifia.

Naweza kuipa sehemu ya juu ya dashibodi rangi nyeusi inayong'aa?

Usifanye hivyo. Jua la mchana litaakisiwa kwenye kioo cha mbele na kukufunika macho. Sehemu hiyo ibaki isiyong'aa.

Nisubiri muda gani kabla ya kurudisha vipande?

Rangi hukauka kwa kuguswa ndani ya nusu saa, lakini kukauka si kukomaa. Subiri saa 24 kabla ya kurudisha, na wiki nzima kabla ya kusugua au kupaka chochote. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kupita nyuzi 70, na rangi changa katika joto hilo hushika alama ya chochote kilichowekwa juu yake.

Kuhusu afya, barakoa ya kitambaa inatosha?

Haitoshi. Kitambaa huzuia vumbi la msasa tu. Mvuke wa viyeyushi hupita. Tumia barakoa yenye vichujio vya kaboni, fanyia kazi mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa na kibanda cha chapati, kwa sababu gesi ya kopo huwaka. Laka yenye kigumishaji ni ngumu na nzuri sana, lakini ina isosayanati, kemikali ambayo inaweza kumletea fundi pumu ya kudumu, na hiyo iachiwe chumba maalumu chenye hewa ya bomba. Mabaki ya thina yasimwagwe mtaroni. Mitaro yetu inaishia ziwani, na maji hayo ndiyo watu wanayovulia samaki na kuyanywa.

Kikikwaruzika baadaye, nianze upya?

Si lazima. Mkwaruzo usiofika kwenye plastiki hupigwa msasa wa namba 1000 kwa maji na kupulizwa tabaka moja jepesi la rangi kwenye kipande chote, kwani kiraka huonekana. Uliofika kwenye plastiki huhitaji praima mahali hapo kwanza. Kwa sababu hiyo mimi humkabidhi mteja rangi iliyobaki pamoja na gari lake, nikiwa nimeandika juu ya kopo tarehe, namba ya rangi na jina la praima iliyotumika.